Injini Aliyoifunga Bolingo

Kamina, Haut-Lomami,
Tarehe 11 Machi 2025.

Mpendwa mpwa wangu Shekina,

Ulifundishwa katika nyumba hii kwamba barua huanza kwa salamu, na mimi ndiye niliyekufundisha. Leo univumilie nitangulize mzigo, maana nikianza na salamu naweza kuchoka kabla sijafika. Usimpe mtoto jina langu. Baba yako hakusababisha kifo cha mjomba wako Ambroise. Alikuwa amekataza lile gari lisitoke, alinikataza mimi kwa kinywa chake, na jambo hilo nimelificha karibu miaka kumi na minne.

Sasa nakusalimu. Hujambo, mwanangu? Mumeo Ambakisye hajambo? Na huyo mgeni wa miezi miwili, ananyonya vizuri, analala? Habari za baridi ya Mbeya nazisikia kwa watu wa malori. Mfunike kichwa, hata kama mama mkwe wako atakucheka.

Mimi sijambo ya kusema tu. Miguu imevimba, na nikitoka kitandani hadi mlangoni inabidi nisimame kama mtu aliyesahau alichofuata. Daktari ameniambia nipunguze chumvi, na mama yako, unavyomjua, ameiondoa yote, hata sombe, kisamvu cha huko kwenu, sasa ina ladha ya majani ya barabarani. Nina miaka themanini na mitatu. Daktari hataji siku, lakini ameacha kuniandikia tarehe ya kurudi kwake.

Naandika mistari michache asubuhi, kisha napumzika. Ukiona mwandiko umebadilika, jua ni mkono uleule. Naandika Kiswahili cha shule ili mumeo naye asome bila kukuuliza kila neno; ila maneno ya watu nitayaacha kama walivyoyasema, kwa kuwa ndiyo uliyokua ukiyasikia. Mumeo ajue tu kwamba njo ni ndiyo, minyi ni mimi, frein ni breki na bukari ni ugali.

Wafwako, asante, kwa barua yako. Umeniambia mtoto atabatizwa siku ya Pasaka, na kwamba mama yako amekushauri kwa simu umwite Nahum, jina la mjomba aliyekulea na kukusomesha. Unaniomba ruhusa. Kisha pale chini, kwa maandishi madogo, umeongeza kwamba moyo wako ulitaka kumwita Bolingo, jina la baba yako, lakini mama amekataa kwa sababu neno la ukoo halijafutwa.

Unajua jina lilivyo kwetu Waluba. Si sauti ya kumwitia mtu tu. Mwenye jina anarudi, anakaa ndani ya mtoto, na mtoto akiugua watu huuliza kwanza ameitwa kwa nani. Sisi Wamethodisti tunasema tumeyaacha hayo. Lakini sijaona mzazi wa kanisa letu hapa Kamina anayechagua jina bila kuchunguza mwenye jina alikuwa mtu wa namna gani. Basi imenilazimu nikuambie mimi ni mtu wa namna gani.

Gari lenyewe unalikumbuka likiwa limeinuliwa juu ya mawe nyuma ya jiko, mihogo imeanikwa juu ya boneti. Wewe hukulijua likiwa gari. Babu yako Esdras, karani wa reli, alilinunua mwaka 1960 kwa Mbelgiji aliyekuwa akiondoka kwa haraka. Lilikuwa Shevrole la mwaka 1957, juu rangi ya maziwa, chini kijani. Mwaka uliofuata ndilo lililoleta kengele ya kanisa kutoka stesheni. Mimi nilikaa nyuma nikiukumbatia ulimi wake, kwa maana wazee walisema isilie hata mara moja kabla ya kubarikiwa. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa na nilijiona nimebeba Sanduku la Agano.

Injini yake ya kwanza ilikuwa ya petroli, silinda sita, na ilikufa mwaka 1992. Vipuri havikuwepo tena, na petroli yenyewe ilikuwa ya kutafutwa. Gari likapandishwa juu ya mawe, likakaa hapo miaka kumi na tisa.

Mwaka 2011 kengele ilitimiza miaka hamsini, na kanisa letu likaamua kufanya jubilei. Ambroise, mdogo wangu, aliyekuwa akinunua mahindi Kaniama na kuyaleta hapa, alikuja kwangu akiwa na furaha kama mtu aliyeokota kitu. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, akasema, "Yaya, gari ya baba njo ilileta kengele. Haiwezi kulala siku ya kengele!" Alikuwa amepata injini ya dizeli, silinda sita, kutoka gari la Kijapani lililopinduka barabarani. Mwili wa gari lile ulikuwa umebonyea wote, lakini injini ilikuwa nzima, nayo ilikuwa changa kuliko Shevrole kwa miaka arobaini.

Nani angeifunga? Sote tulijua, ingawa hakuna aliyependa kuwa wa kwanza kusema. Baba yako alizaliwa kambini, kwenye base, mtoto wa sajini aliyetoka mkoa wa Équateur, na alijua vyuma kabla hajajua Kiswahili. Sisi tulikuwa watu wa kanisa na shule, makarani na walimu. Tulimkubali amwoe mama yako Albertine kama mtu anavyoikubali mvua siku ya harusi. Usikasirike. Nakuandikia jinsi tulivyokuwa.

Alifanya kazi majuma sita chini ya kile kibanda cha mabati. Injini mpya ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani, hivyo alikata chuma cha mbele akaisogeza rejeta karibu shubiri nzima. Vishikizo vya injini alivichonga mwenyewe kutoka chuma kizito, akavipima kwa uzi, akavikataa, akachonga vingine. Giaboksi ilikuja pamoja na injini, kwa hiyo shafti ya nyuma ikawa ndefu mno. Akaikata na kuiunga upya kambini, kisha akaizungusha nusu siku akiitazama kama inatetemeka. Mimi nilikuwa nikipita na Biblia yangu na karatasi zangu za ukatibu wa kanisa, namkuta amelala chali chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nilikuwa naisalimu miguu.

Siku injini ilipowaka, moshi ulifunika jiko lote, majirani wakaja wakipiga vigelegele. Ambroise alicheza mpaka kofia ikaanguka. "Semeki," alimpigia kelele baba yako, shemeji yake, "iko inanguruma sawa pasta anafukuza mashetani!"

"Hapana, semeki," baba yako akamjibu. "Pasta anachokaka, motere haichoke."

Hata mimi nilicheka. Wale wawili walipendana. Hilo pia nataka ulijue, kwa sababu baadaye lilisahauliwa.

Nimepumzika siku mbili. Sasa nifike kwenye siku ya Alhamisi.

Ilikuwa Alhamisi kabla ya jubilei. Baba yako aliniita nyuma ya nyumba, tukiwa wawili peke yetu. Aliniita bokilo kama kawaida yake, jinsi watu wa kambi wanavyomwita mkwe wa kuheshimiwa. Alisema, "Bokilo, sikiya mizuri. Motere iko na nguvu, haina kosa. Frein njo ingali ya Babelgiji. Na angalia hapa: tuyo ya moshi inapita karibu na tuyo ya frein. Kama gari inashuka mulima murefu, mafuta ya frein itachemuka sawa maji ya bukari. Utakanyaga, muguu utaenda mpaka chini bila kushika kitu."

Nilitikisa kichwa kukubali kama mwanafunzi anayetaka kengele ilie. Aliliona hilo. Akanishika mkono, akaniinamisha mimi mzee wa miaka sitini na tisa, akauingiza mkono wangu kati ya bomba la moshi na bomba jembamba la breki. Kidole changu hakikupita. "Umesikia?" akaniuliza. Nikasema nimesikia.

Vipuri vya breki alikuwa ameshaviagiza Lubumbashi, lakini treni iliyovibeba ilikuwa imekwama Bukama, na hakuna aliyejua ingetoka lini. Aliamua kuvifuata mwenyewe kwa pikipiki. Akanipa ufunguo. "Lufungulo njo hii. Nakupatia weye, juu weye njo mukubwa na uko na masomo. Gari isitoke mpaka nirudi."

Nikamwambia Jumapili ni jubilei.

"Jumapili itarudia, bokilo," akasema. "Kila juma iko na yake."

Maneno hayo yaliniuma. Nataka uelewe kwa nini, si ili unionee huruma. Nilikuwa katibu wa kanisa kwa miaka ishirini na mitatu. Programu ya jubilei niliipiga chapa mwenyewe, na ndani yake kulikuwa na mstari usemao: saa nne kamili, gari la marehemu Esdras litawasili likimleta Mchungaji Élisha. Huyo ndiye mchungaji aliyeibariki kengele mwaka 1961. Alikuwa na miaka themanini na minane, akiishi kijijini kilomita thelathini hivi, barabara ya Kaniama. Tangazo lilikuwa limesomwa madhabahuni Jumapili tatu. Unajua kwetu tangazo lililosomwa mara tatu ni kama tangazo la ndoa. Ukilirudisha, watu wanajua kuna aibu inafichwa. Na mimi nilijiuliza: mtoto wa kambi, asiyejua hata nyimbo zetu, ndiye wa kulipangia kanisa Jumapili yake?

Ndivyo nilivyowaza. Sikuwaza breki.

Jumapili Ambroise aliondoka peke yake kwenda kumchukua mchungaji. Kwenye ule mteremko mrefu unaoshuka hadi daraja la magogo, breki ziliisha. Wanawake wawili waliokuwa wakivuka daraja na mabeseni ya mihogo kichwani walinisimulia wenyewe. Walisikia honi kutoka juu kabisa ya mlima, honi isiyoacha. Waliona gari linakuja, na dereva amesimama karibu wima juu ya breki. Hakukuwa na nafasi ya gari na watu juu ya daraja lile. Ambroise alikata usukani, akaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo. Wanawake hawakuguswa. Yeye alikufa pale pale, akiwa na suti yake ya harusi.

Mchungaji Élisha alikaa barazani amevaa kanzu hadi alasiri. Hakuna aliyekumbuka kwenda kumwambia.

Baba yako alifika jioni ile, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, katoni ya vipuri imefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira. Alisikia vilio tangu njia panda. Aliingia uani na ile katoni mikononi, akatazama watu mmoja mmoja, akiwahesabu nadhani, aone nani hayupo. Kisha akanitazama mimi.

Siku ya tatu baada ya maziko, ukoo ulikaa. Wewe na wenzako mlipelekwa kwa jirani, kwa hiyo hukuona. Baba yangu mdogo Kalala ndiye aliyeongoza, na mimi, kwa kuwa ni katibu wa kila kitu, niliwekwa kuandika. Hapo ndipo shimo lilipo, mwanangu. Kwetu mtu anayeandika maneno ya kikao haulizwi maswali mengi. Amekwisha kuwa upande wa haki.

Baba mdogo Kalala alimwuliza baba yako kwa nini alifunga injini ya kuua watu. Baba yako akajibu kwamba injini haikuua mtu, ni breki, na kwamba alikataza gari lisitoke. Akaifungua katoni mbele ya wote, akatoa vipuri vikiwa bado kwenye karatasi yake ya mafuta. "Kama gari ilikuwa tayari, minyi nilienda Bukama kufanya nini?"

Baba mdogo alivitazama, akasema, "Weye uko munganga wa kununua dawa nyuma ya kuzika."

Watu walicheka, Shekina. Kwenye msiba. Shangazi mmoja akaongeza, "Umezoea kufungua vyuma ya kambi, leo umefungua kaburi ya mutoto yetu!" Baba yako alingoja kicheko kiishe. Kisha akasema, polepole, "Nilimwambia bokilo Nahum. Nilimupatia lufungulo, nikasema isitoke."

Wote wakanigeukia. Baba mdogo akaniuliza, "Nahum, ni kweli?"

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilisema, "Ufunguo aliniachia, ni kweli. Maneno mengine siyakumbuki."

Halafu nikainamisha kichwa nikayaandika maneno hayo kwenye daftari, kana kwamba yamesemwa na mtu mwingine. Ninalo daftari hilo hadi leo. Mwandiko ni mzuri sana.

Baba yako hakupiga kelele. Alirudisha vipuri ndani ya katoni. Alisema, "Bokilo, weye uko na masomo mingi. Minyi niko na mikono tu." Ukoo ukaamua: atoke katika mji huu, Albertine arudi kwa ndugu zake na watoto wake, na jina la Bolingo lisipewe mtoto yeyote wa nyumba yetu. Mama yako alikubali kwa sababu mimi ndiye niliyesema. Angemwamini nani, mume au kaka aliyemfundisha kusoma?

Mengine unayajua nusu. Alikwenda Bukama akatengeneza injini za mitumbwi ya wavuvi wa Lualaba. Mwaka 2015 nilikwenda huko kwa mkutano wa kanisa, nikamtafuta. Nilijiambia nakwenda kuungama. Nilimkuta ameketi juu ya debe, injini imefunguliwa mbele yake. Aliinuka, akanifutia kiti kwa shati lake mwenyewe. Aliniuliza habari zako darasani, akauliza kama bado unaogopa radi. Hakuuliza kitu kingine. Tulikaa saa nzima. Kila nilipofungua mdomo nilizungumza juu ya mvua na bei ya mahindi. Wakati wa kuagana alinipa samaki wakavu, wamefungwa vizuri kwa majani, nimpelekee mama yako. Niliwaleta. Nilisema nimewanunua sokoni.

Miaka miwili baadaye alikufa kwa homa. Tulipata habari baada ya mwezi mmoja, na hakuna aliyekwenda.

Ile injini, ukitaka kujua, ilitolewa kwenye gari ikiwa haina hata ufa. Ipo Kaniama, inasaga mahindi. Mwenye kinu alipita hapa mwaka jana, akaniambia hajawahi kuifungua, na akauliza jina la fundi aliyeipanga. Nilimwambia fundi ni marehemu. Nilishindwa hata kulitaja jina.

Sasa nikueleze nilichofanya, maana barua pekee haitoshi. Baba mdogo Kalala amekufa, na mkubwa wa ukoo ni mimi, bahati mbaya. Kwa hiyo neno lile nimelifuta. Nimeliandika kwenye daftari lilelile, chini ya uongo wangu, nikaweka tarehe na sahihi. Nimemkabidhi Élisée, mtoto mkubwa wa Ambroise, alisome mbele ya wote Jumamosi ijayo. Alilisoma kwanza peke yake, akalifunga, akaniuliza kama nimekunywa dawa. Sijui alikuwa na maana gani. Ni mtoto mwenye adabu.

Mama yako nilijaribu kumwambia Jumanne iliyopita. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwita, akaitika, nikaomba maji. Jumatano nikaomba maji tena. Alhamisi akasema, "Yaya, weye uko na kiu ya nini hii?" Basi nikamwambia kuhusu Alhamisi ile, na kidole changu kati ya mabomba, na nilivyojibu kwenye kikao. Aliendelea kuchambua maharagwe. Nilidhani hakusikia. Alipomaliza sinia yote aliniuliza jambo moja tu. "Ile samaki ya Bukama, nani aliituma?"

Nikamwambia.

Aliinuka na sinia lake akaingia ndani. Hajazungumza nami tangu siku hiyo. Chakula ananiletea kwa wakati, anakiweka, anaondoka. Chumvi imerudi, na ni nyingi. Nakula.

Atakupigia simu, nafikiri, akipata nguvu. Usimlaumu. Mfungulie tu mlango alie, maana alizuiwa kumlilia mumewe, na aliyemzuia ni mimi.

Mwite mtoto Bolingo. Nakuambia kama mkubwa wa ukoo, ingawa najua sina uso wa kutoa amri. Si deni nalipa, haliwezi kulipika. Ni kwamba nimepekua majina yote ya nyumba hii, ya makarani na walimu na mashemasi, na sioni mtu mwingine ninayetaka arudi.

Mkono umekufa ganzi. Nimeulaza jana kutwa. Leo namalizia.

Nisalimie Ambakisye na wazazi wake, uwaambie mzee wa Kamina anawashukuru kwa kukupokea bila kuuliza maswali. Wasalimie mabinti wa dada yako Salomé wakipita Tunduma. Nathalie, mjane wa Ambroise, anakusalimu. Anazidi kudhoofika macho, lakini kwaya hajaiacha. Jirani yetu Lumbala anauliza kila mara kama kweli Mbeya watu hula ndizi mchana na jioni. Umjibu siku moja, atafurahi.

Leza, Mungu wa baba zako wote wawili, yule aliyekuzaa na huyu asiyestahili, akutunze. Akupe maziwa ya kutosha na usingizi. Mtoto akue awe na mikono ya babu yake, na wewe usimfiche kitu kama nilivyokuficha wewe.

Limebaki jambo moja. Sijamwambia mama yako, wala Élisée, wala Nathalie. Daftarini halimo. Nimeliacha nyuma ya salamu kwa sababu nilikuwa natumaini nitachoka kabla ya kulifikia, kama kawaida yangu. Lakini leo nimeamka na nguvu kidogo.

Katika miaka yote hii kila mtu, hata baba yako, aliamini kwamba kosa langu kubwa kabisa, kama lilikuwepo, ni kunyamaza: kwamba Ambroise alikuja, akachukua ufunguo, mimi nikamwacha aende. Hata wewe ukisoma mpaka hapa utafikiri hivyo. Sivyo.

Jumapili ile alikuja saa moja asubuhi. Alikuwa ameshavaa suti, ananukia sabuni. Hakutaka kukaa, alikunywa chai akiwa amesimama, akinitania kwamba programu yangu ni kali kuliko ratiba ya reli ya Wabelgiji. "Yaya, lufungulo," akasema, nikampa. Akatoka. Nilisikia hatua zake zinafika jikoni, zinasimama, zinarudi. Akachungulia mlangoni. Yule ndugu yangu, pamoja na kelele zake zote, alikuwa mtu wa kuuliza. Mahindi alikuwa hanunui bila kutia mkono ndani ya gunia. Kama ningesema hapana, au ningesema sijui, angecheka, angerudisha ufunguo mezani, angekwenda kumchukua mchungaji kwa pikipiki na kufika kanisani amechafuka.

Aliniuliza, "Yaya, semeki amesema gari itoke?"

Nikamjibu, "Ndiyo, amesema."

Ni mimi, mjomba wako ninayekupenda,
Nahum Muteba